Rahisi Ghali: Ununuzi wa Ruta ya Nyumbani na Wajibu wa Mwanakiswahili

Wahenga walilonga kuwa rahisi ghali. Msemo huu mfupi umebeba falsafa pana ya maisha: kitu kinachonunuliwa kwa bei ya chini pasi na kupimwa humgharimu mnunuzi mara mbili, kwanza anapokilipia na pili anapolazimika kukitupa na kutafuta kingine. Katika enzi hizi za utandawazi, msemo huo unathibitika bayana katika ununuzi wa kile kijisanduku chenye taa zinazometameta ambacho husambaza intaneti nyumbani bila waya. Wapo wanaokiita kipanga-njia, wapo wanaokiita kisambaza-mtandao, wauzaji hukiita ruta, na watu wa mtaani hukiita tu "waifai". Makala haya yanatumia neno ruta kwa kuwa ndilo linaloeleweka dukani.

Yamkini msomaji atajiuliza ruta ina uhusiano gani na chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Uhusiano upo, tena wa karibu. Kuchagua ruta ya bei nafuu ni kazi ya kusoma kabla haijawa kazi ya kuhesabu pesa. Kasha la ruta ni matini. Lina msamiati wake, lina chuku yake, na lina mambo ambayo limeyanyamazia makusudi. Anayeshindwa kuisoma matini hiyo huuziwa asichokihitaji, au hunyimwa anachokihitaji, na huku nyuma pesa zake zimekwenda. Makala haya yanadai kwamba wananchi wengi hupunjwa si kwa sababu ya umaskini wa mfuko pekee, bali pia kwa sababu ya umaskini wa maneno. Umaskini huo wa pili ndio unaomhusu mwanakiswahili.

Suala hili si la anasa. Kabla ya mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kupata intaneti, na gharama yake ilikuwa ya juu mno. Mwaka huo kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitia nanga Mombasa, na polepole intaneti ikaanza kuingia katika nyumba za watu wa kawaida. Kisha ukaja mwaka 2020. Vyuo vikuu vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya janga la UVIKO-19, na chumba cha kulala kikageuka ukumbi wa mihadhara. Waliokuwa na intaneti imara nyumbani waliendelea na masomo, ilhali wenzao walipanda vilima kutafuta mawimbi. Tangu wakati huo ruta imekuwa kifaa cha elimu sawa na daftari na kalamu.

Na ichukuliwe, kwa mfano, hali ya wanafunzi wanne waliopanga nyumba ya vyumba viwili huko Juja au Kahawa Wendani. Wamechanga pesa, wamekubaliana kulipia laini ya intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, na mmoja wao ametumwa Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, penye maduka ya vifaa vya elektroniki yaliyobanana, akanunue ruta. Anaonyeshwa makasha mawili. La kwanza ni la bei ya chini na limeandikwa "N300". La pili bei yake imezidi kwa mbali, lina picha ya ruta yenye antena nne, na limeandikwa "AC1200". Muuzaji anamwambia kwa bashasha, "Dada, chukua hii kubwa. Inashika mpaka nje ya geti." Msichana anauliza tofauti ni ipi hasa. "Hii ni kali zaidi, dada yangu. Hiyo ndogo itakusumbua." Mazungumzo yanakomea hapo.

Kila mwanafunzi aliyepitia shule ya upili nchini Kenya amefundishwa sifa za sajili ya biashara: hutumia chuku, husifia bidhaa, na huficha kasoro. Maarifa hayo hujibiwa katika mtihani kisha husahauliwa mlangoni mwa duka. Hapa ndipo yanapofaa kutumiwa. Nambari 1200 iliyo juu ya kasha ni chuku ya aina ya pekee, kwani imetengenezwa kwa kujumlisha. Ruta ya namna hiyo hurusha mawimbi katika masafa mawili. Katika masafa ya kwanza kasi yake ya juu kabisa kinadharia ni megabiti 300 kwa sekunde, na katika ya pili ni megabiti 867. Jumla ni 1,167, nayo hukadiriwa hadi 1,200. Ilhali simu au tarakilishi moja kwa kawaida hutumia masafa mamoja tu kwa wakati mmoja. Ni sawa na mtu kujumlisha mwendo wa matatu mbili zinazokwenda kilomita 80 kwa saa katika barabara ya Thika, kisha akamwahidi abiria kwamba atafika kwa mwendo wa kilomita 160.

Aidha, kasi hizo hutanguliwa na neno dogo "hadi". Mwanafunzi wa semantiki anajua kuwa "hadi" huweka kikomo cha juu tu, wala haisemi lolote kuhusu kikomo cha chini. Kifaa kinachotoa megabiti 40 hakijamdanganya mtu kwa kuandikwa "hadi 300". Kiuhalisia, kasi ambayo mtumiaji huiona nyumbani mara nyingi huwa nusu ya hiyo iliyoandikwa, au chini zaidi. Muuzaji hasemi uongo, ila mnunuzi ndiye anayesikia ahadi pale ambapo pametajwa mpaka.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba ruta haizalishi intaneti. Huigawa ile iliyofika mlangoni. Mwenye tangi la lita 10,000 lililounganishwa na mfereji unaotiririsha kijito chembamba hatapata maji mengi kuliko jirani yake mwenye pipa. Wanafunzi wale wanne wamelipia megabiti 10. Ruta ya 300 haiwezi kuwapa 11, wala ile ya 1200 haiwezi. Mhadhara mmoja wa video huhitaji takriban megabiti 1 hadi 4 kwa sekunde kulingana na ubora wa picha. Basi wote wanne wakihudhuria kwa pamoja kwa megabiti 2 kila mmoja, watatumia 8, na laini itatosha. Kwa upande wa kasi pekee, kasha la bei ya chini linawafaa bila shida.

Katika kipengele hiki cha kasi, Kiswahili kina neema ambayo haijatumiwa ipasavyo. Kampuni za intaneti huuza kasi kwa megabiti, lakini programu nyingi za kupakua faili huonyesha kasi kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo laini ya megabiti 10 hupakua takriban megabaiti 1.25 kwa sekunde, na mteja asiyejua tofauti hiyo huamini ameibiwa. Katika vifupisho vya Kiingereza, vipimo hivi viwili hutenganishwa na ukubwa wa herufi moja tu: b ndogo na B kubwa. Jicho huipuuza tofauti hiyo kwa urahisi, na sikio halina namna ya kuinasa. Katika Kiswahili, biti na baiti hutofautiana kwa maandishi na kwa matamshi. Haya ni maneno ya mkopo yaliyokwisha kupata makazi. Kilichobaki ni wenye lugha kuyatumia kwa uangalifu badala ya kukimbilia neno moja tu la "bando".

Je, basi msichana yule achukue kasha la bei ya chini aende zake? La, si lazima. Swali lililopaswa kuulizwa linahusu masafa na nyumba. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yana nafasi finyu: ndani yake mna njia tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Katika jengo la ghorofa lenye nyumba ishirini, ruta ishirini hupigania njia hizo tatu, kila moja ikipaza sauti kama wauzaji wa mitumba wa Gikomba. Masafa ya gigahezi 5 hayafiki mbali wala hayapendi kuta, lakini yana njia nyingi zaidi na yana kasi. Ruta ya N300 kwa kawaida huwa na masafa ya 2.4 pekee. Ile ya AC1200 ina yote mawili. Kwa anayeishi katika ghorofa zilizosongamana, kasha la pili huenda likastahili bei yake, lakini kwa sababu ambayo muuzaji hakuitaja. Kwa anayeishi katika nyumba iliyojitenga huko Njoro au Maseno, kasha la kwanza lamtosha.

Nyumba nayo ina kauli yake. Kuta nene za matumbawe katika Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu humeza mawimbi. Zege lenye nondo huyapunguza. Mabati huyarudisha yalikotoka, kwa hivyo anayeishi katika nyumba ya mabati asitarajie ruta iliyo ndani ihudumie uani. Wingi wa antena si dawa ya kuta hizo. Dawa ya kwanza haina gharama yoyote: ruta iwekwe mahali pa juu, katikati ya nyumba, mbali na friji na kabati la chuma, wala isifichwe nyuma ya televisheni. Wengi wamenunua ruta ya pili kwa tatizo ambalo lingeondolewa kwa msumari mmoja ukutani.

Fauka ya hayo, kuna gharama isiyoonekana kwenye kasha, nayo ni usalama. Mfumo wa kwanza wa kulinda mtandao pasiwaya, ujulikanao kama WEP, ulithibitishwa kuwa dhaifu mwaka 2001. Ulifuatwa na WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Ruta kuukuu inayouzwa kwa bei ya kutupwa huenda ikatosha kwa kasi, lakini ikiwa haina angalau WPA2, au ikiwa mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho ya programu yake ya ndani, ni sawa na nyumba yenye mlango wa pazia. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka idadi kubwa ya kamera na ruta kote duniani. Mbinu yake ilikuwa nyepesi: ilijaribu nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuwa wamezibadilisha. Anayeitawala ruta anaweza kumpeleka mtumiaji kwenye kurasa bandia zinazofanana na za benki au za chuo. Mwanafunzi anayelipa karo kupitia mtandao huo hatapata afueni kwa kukumbuka kuwa ruta aliinunua kwa bei nafuu.

Suala la usalama linagusa pia utamaduni wa ukarimu. Jirani akiomba nywila, ni vigumu kumnyima, na marafiki wakija kusoma pamoja, nao huomba. Ruta nyingi za siku hizi, hata za bei ya chini, zina uwezo wa kuunda mtandao wa wageni uliotengwa na ule wa wenyeji. Waswahili walilijua jambo hili kabla ya ruta kuwapo: mgeni hukaribishwa barazani, akaandaliwa kahawa, lakini hakabidhiwi ufunguo wa chumba cha ndani. Anayenunua ruta aulize kama ina baraza.

Yapo mambo mengine matatu yanayostahili kuulizwa. Kwanza, je, ruta inahitajika kununuliwa kwa hakika? Kampuni nyingi zinazovuta kebo hadi nyumbani humletea mteja ruta yao anapounganishwa, na ruta iliyo nafuu kuliko zote ni ile ambayo tayari imo katika malipo. Wanafunzi wale wanne walipaswa kuuliza hivyo kabla ya kutuma mtu Luthuli. Pili, kwa ruta zinazotumia laini ya simu, je, imefungwa ili ikubali laini ya kampuni moja pekee? Ruta ya aina hiyo huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini siku mteja anapotaka kuhamia kampuni nyingine, hubaki kuwa pambo la mezani. Tatu, umeme ukipotea itakuwaje? Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 au 9, na kuna betri ndogo zinazoweza kuiendesha kwa saa kadhaa. Hata hivyo, palipo na kijisanduku cha kebo kilichotengana na ruta, navyo vyote viwili vinahitaji umeme. Kuiwasha ruta na kukisahau kijisanduku ni kuwasha taa na kusahau mafuta.

Wapo watakaopinga kwamba haya ni mambo ya wahandisi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ashughulike na ushairi na sarufi. Hoja hii haina mashiko. Wahandisi wenyewe wamekiri kwamba tatizo ni la lugha. Kwa miaka mingi vizazi vya teknolojia hii vilijulikana kwa majina kama 802.11n, 802.11ac na 802.11ax, na wanunuzi hawakujua kipi ni kipya na kipi ni kikongwe. Mwaka 2018 shirika la Wi-Fi Alliance liliamua kuvipa nambari nyepesi: Wi-Fi 4, Wi-Fi 5 na Wi-Fi 6. Haikubadilishwa hata nyaya moja. Yalibadilishwa majina, na mnunuzi akafunguka macho. Ikiwa wenye mitambo walitambua kuwa istilahi mbaya humdhuru mteja, vipi wenye lugha wabaki wakitazama?

Wengine watasema kwamba kila msomi nchini Kenya anajua Kiingereza, kwa hivyo hakuna haja ya kuyatafsiri haya. Ukweli ni kwamba ruta hainunuliwi na wasomi pekee. Hununuliwa na mama mwenye duka la rejareja, na fundi wa nguo ambaye watoto wake husomea nyumbani, na mzee aliyestaafu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika Kifungu cha 7. Katika Kifungu cha 46, Katiba hiyo hiyo inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa hiyo. Vifungu hivi viwili vikisomwa kwa pamoja, vinaibua swali zito: habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa mnunuzi ni habari kweli?

Ithibati kwamba jambo hili linawezekana ipo mikononi mwa kila Mkenya. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, maneno kama wakala, salio, na nambari ya siri yamekuwa msamiati wa kila siku hata kwa ajuza wa kijijini, naye huyatumia kwa usahihi ambao mhasibu hawezi kuukosoa. Hakuna aliyewaitia wananchi semina. Maneno yalikuja pamoja na haja, yakakaa. Huko Tanzania, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitafsiri programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, ikaitwa Jambo OpenOffice. Lugha iliyomudu hayo haiwezi kushindwa na kasha la ruta.

Linalohitajika ni kazi ndogo yenye manufaa makubwa. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viandae ukurasa mmoja tu, kwa lugha nyepesi, ubandikwe katika mabweni na ugawiwe madukani, wenye maswali ambayo kila mnunuzi anapaswa kuyauliza: Laini iliyolipiwa ina megabiti ngapi? Je, kampuni inaleta ruta yake? Je, ruta hii ina masafa mawili, na je, nyumba inayahitaji? Je, ina WPA2 au WPA3, na je, mtengenezaji bado anaitolea masasisho? Je, imefungwa kwa kampuni moja? Je, imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya? Je, itatumia betri gani umeme ukipotea? Wahadhiri nao wawape wanafunzi makasha haya kama matini za kuchanganua katika kozi za tafsiri, istilahi na pragmatiki. Tafsiri ya kasha moja itamfunza mwanafunzi mengi kuhusu uundaji wa istilahi, na kazi yake itakuwa na msomaji anayeingoja.

Kwa kuhitimisha, unafuu wa kitu haupimwi kwa pesa zilizotoka mfukoni siku ya kununua, bali kwa huduma itakayotolewa na kitu hicho hadi siku ya mwisho. Msichana aliyesimama Luthuli hakukosa akili wala hakukosa pesa. Alikosa maswali, na maswali huundwa kwa maneno. Kuuliza si ujinga, lakini asiye na maneno ataulizaje? Hilo ndilo deni la mwanakiswahili kwa jamii yake, na dawa ya deni ni kulipa.